Kasuku hazoezwi kwa njaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie ushauri mmoja mbaya ambao karibu kila anayenunua kasuku hapa Moshi na Arusha hupewa bure pamoja na tundu lake. Ushauri wenyewe ni huu: ndege akiwa mkali, mfunike kitambaa akae gizani, mnyime chakula siku mbili, na akishalegea tia mkono umshike hadi azoee. Nimeusikia kwa vijana wanaouza ndege kando ya barabara, nimeusikia kwa watu wazima wenye elimu zao, na hivi karibuni nimeusikia kwa jirani yangu, mama ambaye hawezi hata kumfukuza paka wa watu jikoni kwake. Hakuna kati yao aliyekusudia ukatili. Kila mmoja anarudia alichoambiwa. Mimi ni afisa mifugo mstaafu, nilisomea Tengeru, na kwa miaka mingi nimeishi na kasuku wa kijivu aliyeanguliwa tunduni na kufika kwetu kwa nyaraka halali. Naandika ili ushauri huo uachwe, na ili anayetaka kufuga ndege huyu aijue vizuri kazi anayojitwika.

Ushauri huo umejengwa juu ya dhana kwamba kasuku ni wa kufugwa kama kuku au mbuzi. Kuku na mbuzi wamekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka, na katika muda huo wafugaji walibakiza wapole wazaliane na kuwachinja wakorofi, kizazi baada ya kizazi. Kasuku hakupitia njia hiyo. Hata yule aliyeanguliwa tunduni, mara nyingi babu na bibi yake walikamatwa porini, na silika yake bado ni ya ndege wa msituni anayejua kwamba kinachomshukia ghafla kutoka juu ni mwewe. Mkono wa mtu unaoingia tunduni kwa kasi, machoni pa ndege huyo, ni mwewe. Atapiga kelele, atajibamiza kwenye waya, atauma, na akishindwa yote hayo ataganda kwa hofu. Kuganda huko ndiko wauzaji wengi wanakokuita kuzoea.

Kisha kuna mwili wenyewe. Kasuku wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi, na wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na shingo ya njano, ambao ndio wanaouzwa zaidi huku kwetu, hawazidi gramu 60. Joto la mwili wa ndege ni kubwa kuliko la kwetu, kama nyuzi 41, nalo hutunzwa kwa chakula cha kila siku. Kasuku mdogo aliyeshinda na njaa, kisha akalala katika baridi ya Julai ya Arusha, mji ulio mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, anaweza asiamke. Tena ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa kwanza, hivyo udhaifu ukishaonekana kwa macho hali huwa tayari ni mbaya. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja maeneo ya Pasua, nikapokelewa kwa furaha: "Karibu Afisa, njoo umwone, tangu jana amekuwa mpole kabisa." Nilimkuta ndege amekaa chini ya tundu badala ya kwenye kijiti, manyoya yamemvimba mwili mzima, macho yamefumba nusu, na mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Mkia unaopiga hivyo ni dalili ya ndege anayehangaika kupata hewa. Tulimpasha joto, tukampa maji ya glukosi tone kwa tone pembeni mwa mdomo, lakini hakufika asubuhi. Alikuwa ameshinda na njaa siku mbili kama muuzaji alivyoagiza.

Na hata akipona, mwenye kumshindisha njaa hapati alichokitaka. Kasuku ana kumbukumbu ndefu sana. Atakula mkononi kwa sababu hana njia nyingine, lakini akishashiba atauogopa mkono uleule, atamuuma mtoto wa nyumbani, atapiga kelele kila mtu akipita, na baada ya miezi kadhaa ataanza kujinyonyoa manyoya ya kifua hadi ngozi ionekane. Wengi huleta ndege wa namna hii wakidhani ana wadudu. Wadudu wapo mara chache. Mara nyingi ni hofu, upweke, kukosa la kufanya mchana kutwa, au lishe duni.

Sasa njia iliyo sahihi. Tundu liwekwe katika chumba ambacho watu hukaa, upande mmoja ukiwa umeegemea ukuta ili ndege asihisi kwamba anaviziwa kutoka kila pembe, na liwe juu kidogo, usawa wa kifua cha mtu mzima, mbali na mlango na mbali na jiko. Siku za mwanzo usimfanyie lolote zaidi ya kumwekea chakula na maji kwa utaratibu uleule, saa zilezile, ukisema naye kwa sauti ya chini. Kaa karibu naye ukisoma gazeti lako. Mwache akuangalie. Katika siku hizo mtazame kwenye bakuli ujue ni kitu gani anakiokota cha kwanza kabla ya vingine, kwa sababu hicho ndicho kitakuwa mshahara wake. Kwa mmoja ni karanga, kwa mwingine ni punje ya alizeti, na nimemwona aliyekuwa tayari kufanya lolote kwa kipande cha pera. Kitu hicho kitoe kwenye bakuli, kipatikane mkononi mwako tu, lakini vyakula vingine vyote viendelee kuwepo na ashibe. Tofauti ya jambo hili na kumnyima chakula ni kubwa: ndege aliyeshiba anakuja mkononi kwa hiari, na akikataa hapotezi chochote.

Mkono nao upige hodi. Uje kutoka chini au usawa wake, polepole, usimame nje ya waya pale ambapo ndege ataanza kujikaza, kisha urudi nyuma kidogo. Kurudi nyuma ndilo jambo ambalo watu hawalifanyi, na ndilo linalomfundisha kwamba akisema hapana anasikilizwa. Kesho sehemu ileile haitamtisha, utasogea mbele kidogo. Nakumbuka vizuri siku wangu alipochukua karanga ya kwanza. Alikuwa ameshika kijiti kwa mguu mmoja, mwili wote ameusogeza mbele hadi karibu aanguke, shingo imenyooka na manyoya yamelala bapa, na mboni nyeusi katikati ya lile jicho la njano ikinywea na kutanuka, ikinywea na kutanuka. Aliigusa karanga kwa ulimi kwanza. Ulimi wa kasuku ni mnene, mkavu, mweusi kama kidole gumba kidogo, na anautumia kuchunguza kila kitu. Halafu akainyakua, akaenda nayo kwenye kona ya mbali, akaila akiwa amenipa mgongo. Niliondoka chumbani nikamwacha. Kazi ya siku iliishia hapo, na ilitosha.

Akishachukua chakula mkononi bila hofu, fungua mlango wa tundu umpe kijiti cha mti akipande, ukikigusisha taratibu chini ya kifua chake, juu tu ya miguu, ukisema neno moja ambalo hutalibadilisha, kwa mfano "panda". Akipanda, mpe mshahara wake palepale. Kutoka kwenye kijiti atahamia kwenye mkono. Vipindi viwe vifupi, dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, na kila kipindi kiishe ndege akiwa bado anataka. Usivae glavu, kwa kuwa atazoea mkono wenye glavu na kuuogopa usio nayo. Akiuma, usipige kelele wala usimpige, maana kelele kwake ni mchezo na kipigo hakisahau. Mshushe kwa utulivu na umwache. Kwa kweli kasuku haumi bila kutoa taarifa. Manyoya ya kisogo yanasimama, mkia unafunguka kama pepeo, mboni inacheza kwa haraka, na anayeviona hivyo akasitisha mkono haumwi. Kinyume chake, ukimwona amesimama kwa mguu mmoja, manyoya ya mashavu yamefunika mdomo kidogo, na anasaga mdomo kwa sauti ndogo wakati wa jioni, huyo ametulia na anakuamini. Mkune kichwani na shingoni tu. Kumpapasa mgongo na chini ya mabawa humwamshia hisia za kutafuta mwenza, na ndege wa namna hiyo huwa na wivu na hasira kwa kila mwingine anayeingia ndani.

Kukata mabawa sikubaliani nako, hasa kwa ndege mchanga ambaye bado hajajifunza kuruka. Anaanguka kifudifudi, anaumia mfupa wa kifua, na hofu yake inaongezeka badala ya kupungua. Nyumba zetu nyingi zina nyavu za mbu madirishani. Zikiwa nzima na mlango ukifungwa, kasuku anaweza kuruka sebuleni kila siku bila kupotea.

Kuhusu kusema, naomba niwaondolee wasomaji mambo mawili. La kwanza, pilipili haimfanyi kasuku aseme. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi, na pilipili ina vitamini nzuri kwake, kwa hiyo kumpa si kosa, ila haina uhusiano wowote na maneno. La pili, na hili ni zito, wapo wanaodai kwamba ulimi ukikatwa kidogo ndege anasema vizuri zaidi. Huo ni unyama. Kasuku hana nyuzi za sauti kooni kama zetu. Sauti yake hutengenezwa chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili, na ulimi humsaidia kuitengeneza sauti hiyo iwe neno. Kinachomfanya aseme ni kuishi na watu wanaosema naye kwa maana. Kasuku mmoja wa kijivu aitwaye Alex, aliyenunuliwa mwaka 1977 na mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani na kufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31, alijifunza kutaja vitu, rangi na maumbo, na kuhesabu hadi sita, kwa kuwatazama watu wawili wakiulizana na kujibizana mbele yake. Wangu hajafika huko. Lakini huita "Hodi!" kwa sauti ya mama anayetuletea ndizi, na hufanya hivyo anapotaka mtu aje chumbani, si wakati mwingine.

Kwenye chakula naomba nikae kidogo, kwa sababu sisi wa mikoa hii miwili tuna hatari ambazo wenzetu wa kwingine hawana kwa kiasi hiki. Parachichi limejaa kila ua kuanzia Marangu hadi Usa River, na jambo la kwanza ambalo mwenye nyumba mkarimu hufanya ni kumkatia kasuku kipande. Parachichi ni sumu kwa ndege. Lina kemikali ambayo haimdhuru binadamu lakini kwa kasuku huharibu misuli ya moyo na kujaza maji mapafuni, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Majani na maganda yake pia ni sumu, kwa hiyo hata tawi la mparachichi lisitumike kuwa kijiti cha kukalia. Tumieni tawi la mpera, ambalo ni gumu, lina gamba zuri la kubanduabandua, na unene wake hutofautiana kiasi kwamba miguu haichoki kwa kushika mahali pamoja. Kahawa nayo ni hatari, iwe ya kikombe au punje mbichi zilizoanikwa uani, kwa kuwa moyo wa ndege hauimudu kafeini. Mbege, bia, soda na chokoleti visimkaribie. Nimeona watu wakimnywesha kasuku mbege kwenye sherehe ili wacheke anavyoyumba, na nasema wazi kwamba wenyeji wa sherehe wana wajibu wa kuwazuia.

Alizeti ambayo huuzwa kama chakula cha kasuku ina mafuta mengi mno na upungufu mkubwa wa vitamini A na kalsiamu. Ndege anayeishi kwa alizeti peke yake hunenepa, ini huharibika, na pua na macho huanza kutoa uchafu. Kasuku wa kijivu hasa hupungukiwa kalsiamu hadi kupata degedege na kuanguka kutoka kwenye kijiti. Mpeni mchicha, majani ya maboga, karoti, boga na viazi vitamu vilivyochemshwa, papai, embe, mapera, mahindi mabichi, ulezi na mtama, na mara mojamoja ganda la yai lililochemshwa na kusagwa. Maharage yawe yamepikwa yakaiva, kamwe yasiwe mabichi. Karanga ziwe chache, na ziwe safi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, haionekani kwa macho kila mara, na ini la kasuku ni dogo sana kuihimili. Karanga iliyonyauka au yenye harufu ya uvundo, ambayo mtu angeitupa, isiwe ndiyo ya ndege.

Kuna na moshi. Mwezi wa Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa ndani ili wapate joto, na kila mwaka tunasikia huzuni za familia zilizolala nalo. Kasuku ana vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini vinavyosukuma hewa mapafuni kwa ufanisi kuliko mapafu yetu, na kwa sababu hiyohiyo sumu iliyo hewani humfikia haraka kuliko sisi. Vilevile vile vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula, vikiachwa motoni vikaungua, hutoa mvuke usio na rangi ambao humuua ndege kwa dakika chache akiwa chumba cha pili. Dawa ya mbu ya kupuliza, udi na rangi mbichi ya ukutani vyote vitumike ndege akiwa kwingine. Ili apate joto, weka tundu mbali na upepo wa dirisha, funika pande tatu kwa blanketi usiku, acha upande wa nne wazi apate hewa, na hakikisha analala kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili. Asubuhi mtoe apate jua moja kwa moja kwa muda mfupi, tundu likiwa na kivuli upande mmoja. Jua linalopita kwenye kioo halimtengenezei vitamini D.

Matundu mengi ya huku hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea kwa waya mpya uliopakwa zinki. Kasuku hupanda kwa mdomo, anaulamba na kuubanduabandua waya, na zinki ikimwingia anatapika, anadhoofika na kutetemeka. Naomba mafundi watumie nondo nyembamba zisizo na zinki wala rangi yenye risasi, na aliye tayari na tundu la waya mpya alisugue kwa brashi ngumu na siki, alisuuze, na kuliacha juani kabla ya kumwingiza ndege. Tundu liwe pana kiasi kwamba ndege anaweza kufungua mabawa yote mawili na kuyapiga bila kugusa waya. Mengi ninayoyaona yanamtosha njiwa mmoja aliyelala.

Kuna ugonjwa ambao watu hupata kwa kasuku, unaojulikana kama homa ya kasuku. Huletwa na bakteria walio kwenye vumbi la kinyesi kilichokauka, na dalili zake ni homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu. Hutibika kwa antibiotiki, ila daktari lazima aambiwe kwamba nyumbani kuna ndege. Lowesha kinyesi kabla ya kukifagia, nawa mikono, usimlishe kwa mdomo wako, na ndege mgeni atengwe na wenzake kwa siku 30 au zaidi.

Narudi kwa wauzaji wa kando ya barabara, kwa sababu huko ndiko ushauri wa njaa unakoanzia. Ndege wanaowauza wengi hawakuanguliwa tunduni. Wamenaswa kwa ulimbo au nyavu, au wametolewa kwenye mashimo ya miti wakiwa makinda, na ndiyo maana wana hofu kiasi hicho. Hawa wadogo wenye shingo ya njano ni ndege wa Tarangire na Manyara, wanaotaga katika mashimo ya mibuyu. Ndugu zao wenye uso wa rangi ya chungwa ni wa Serengeti na nchi iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi mno na kupelekwa Ulaya na Marekani, hadi leo wamo katika hesabu ya ndege wanaokaribia kuwa hatarini. Katika misitu ya mlima Meru na Kilimanjaro tunaye kasuku wa kijani mwenye paji jekundu anayekula matunda ya miti ya msituni, na ukiamka mapema katika Hifadhi ya Arusha utamsikia akipita juu ya miti kwa kelele kabla hujamwona. Kasuku wa kijivu si wa huku. Kwa Tanzania anapatikana kule Kagera, kama katika msitu wa Minziro. Huko Ghana ndege huyo amepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992, na ndiyo sababu mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ambao Tanzania nayo ni mwanachama wake, zilipiga kura kumweka katika kundi la viumbe ambao biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imekatazwa.

Sheria yetu iko wazi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata, kumiliki wala kuuza mnyamapori bila kibali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili. Kumshindisha ndege na njaa kwa makusudi ni ukatili. Kwa hiyo mnunuzi adai karatasi, atazame kama ndege ana pete mguuni iliyofungwa mzunguko mzima bila kiungo, ambayo huvishwa kinda akiwa na siku chache tu, na asiridhike na maneno ya "huyu amezaliwa nyumbani, mzee". Akiwa na shaka, asimnunue kwa huruma. Anayemnunua ndege mmoja kwa huruma amemlipa mtegaji akakamate wengine wawili.

Ningependa pia mwenye kuwaza kufuga afikirie umri. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60. Mtu wa umri wangu anayemchukua leo lazima aketi na wanawe waelewane ni nani atakayemrithi, na jambo hilo liandikwe. Sisi tumekwisha kufanya hivyo, na binti yangu ameanza kuja kila wikendi ili yeye na ndege wazoeane mapema.

Kwa wenye mamlaka nina maombi. Vyuo vya mifugo, Tengeru kikiwemo, viongeze masomo ya ndege wa kufugwa majumbani, kwa sababu daktari aliyesomea ng'ombe na kuku pekee hana la kumwambia mama anayemletea kasuku mwenye degedege. Chuo cha Wanyamapori Mweka kiko jirani yetu kabisa, na wataalamu wake wangeweza kuzungumza na wauzaji na wanunuzi katika masoko ya Moshi. TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, nao waeleze, kwa Kiswahili chepesi na hadharani, kibali cha kumiliki ndege kinaombwaje, wapi na kwa gharama gani, maana wengi wanavunja sheria kwa kutoijua.

Na kuna wale ambao tayari wana ndege aliyekamatwa porini na sasa, wakisoma barua hii, watataka kumfungulia dirisha. Tafadhali wasifanye hivyo. Ndege aliyekaa tunduni muda mrefu hana nguvu za kuruka mbali, hajui chakula kilipo, anaweza kupeleka magonjwa porini, na akiachwa mahali pasipo pake anaweza kuzaa na aina nyingine, kama ilivyotokea kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako kasuku wadogo wa kwetu wa aina mbili, wenye shingo ya njano na wenye uso wa rangi ya chungwa, waliofunguliwa wamechanganyika. Wamrudishie bakuli lake la chakula leo hii, kisha waende kwa ofisa wanyamapori wa wilaya wakamweleze ukweli. Naye ofisa namsihi awapokee kwa kuwaelekeza kabla ya kuwatisha, kwa sababu mtu akiogopa kushtakiwa atamfungulia ndege usiku, na hapo tutakuwa tumempoteza ndege pamoja na taarifa za yule aliyemnasa.

Wako katika uhifadhi,
Afisa mifugo mstaafu,
Moshi, Kilimanjaro